Goti limebadilishwa, mbona paja halitii?

Siku ya pili baada ya upasuaji, picha ya eksirei inaonyesha kazi safi. Chuma kimekaa sawasawa juu na chini, na ule upinde wa mguu uliomtesa mama kwa miaka umenyooshwa. Kisha mtaalamu wa fiziotherapia anamwomba ainue mguu kutoka kitandani ukiwa umenyooka, na mguu hauendi popote. Si woga. Anajaribu kwa dhati, jasho linamtoka, lakini paja halisikii. Hapo ndipo wengi huanza kushuku kwamba kuna kitu kilikatwa kisichopaswa kukatwa, na jamaa waliokuja na uji kwenye themosi wanaanza kuulizana kwa macho.

Kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Kinachotokea kinajulikana vizuri, na ukikielewa utajua pia kwa nini mazoezi ya wiki za kwanza ni yale madogo yanayoonekana kama mchezo wa watoto.

Tuanze na kilichofanyika chumba cha upasuaji. Goti haling'olewi lote kama watu wanavyodhani. Daktari hukata vipande vyembamba kwenye mwisho wa mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi, pale ambapo gegedu imelika, akavifunika kwa chuma, kisha akaweka plastiki ngumu katikati ili chuma kisisagane na chuma. Wakati mwingine upande wa ndani wa pia ya goti nao huwekewa plastiki. Kano za pembeni zinabaki zako. Misuli ni ileile uliyoingia nayo hospitalini, na mara nyingi iliingia ikiwa dhaifu tayari. Mtu mwenye goti bovu hujifunza kulikwepa: anapanda ngazi kwa mguu mmoja, anajisukuma kwa mikono akiinuka kitini, anaegemea upande mzima. Akisubiri miaka mitano akitafuta pesa au akipiga moyo konde, atafika mezani paja la upande huo likiwa limekonda kuliko la pili.

Juu ya udhaifu huo wa zamani unakuja mpya. Mwezi mmoja baada ya upasuaji, nguvu ya msuli wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti, huwa imeshuka kwa takriban nusu au zaidi ikilinganishwa na ilivyokuwa kabla ya kisu. Msuli haukondi kwa kiasi hicho katika wiki nne; ukipimwa, ukubwa wake umepungua kidogo tu. Upungufu mwingi unatokana na amri kutofika. Goti lililojaa maji na damu hutuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unaupunguzia msuli huo amri ya kukaza, ili kiungo kilichojeruhiwa kisitumike ovyo. Watafiti waliwahi kudunga maji ya chumvi safi ndani ya magoti ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Mililita 20 hadi 30 tu, kama vijiko viwili vya mezani, zilitosha kudhoofisha sehemu ya ndani ya msuli huo, ile inayotuna juu kidogo ya pia ya goti. Hakukuwa na maumivu ya kutajika wala kidonda. Uvimbe peke yake ulitosha. Ni kama stima imekatwa kwenye nguzo: balbu ni nzima, lakini haiwaki, na kuibadilisha hakusaidii.

Kwa hiyo, wiki mbili tatu za mwanzo hatujengi msuli. Tunarudisha mawasiliano. Ndiyo maana fizio hakupi mzigo wa kuinua, na ndiyo maana kijana wa nyumbani anayekuja na mawazo ya jimu, “Mama, bila uchungu hakuna faida,” afadhali apewe kazi nyingine.

Zoezi la msingi ni kukaza paja. Unalala chali au unakaa kitandani mguu ukiwa umenyooka mbele, kisha unabonyeza nyuma ya goti ielekee godoro. Kwa maelezo ni rahisi. Kwa vitendo, mazungumzo ya wodini huwa hivi, fizio akiwa ameingiza kiganja chini ya goti:

“Mama, bonyeza mkono wangu.”

“Nimebonyeza, daktari.”

“Hapo umekaza makalio. Paja bado limelala. Pumua kwanza. Sasa angalia pia ya goti, uivute ije juu kwako.”

Hiyo pia ya goti ndiyo shahidi. Msuli ukikaza kweli, pia husogea juu kidogo, kiasi cha kuonekana kwa macho, na nyama ya juu yake inakuwa ngumu ukiigusa. Ikibaki palepale, kilichofanya kazi ni makalio au nyonga. Kaza, hesabu tano, achia kabisa, rudia mara kumi, na ufanye hivyo mara kadhaa kwa siku. Usizuie pumzi, hasa kama una presha. Wanaosikiliza redio wana urahisi wake: taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, ya saa saba, ya saa moja jioni, kila ikisomwa paja linakazwa. Mara chache chache kutwa nzima ni bora kuliko nusu saa ya kujichosha asubuhi.

Ukiona paja limegoma kabisa, kaza yote mawili kwa pamoja, la mguu mzima na la uliopasuliwa. Lile zima mara nyingi huliamsha jirani yake. Gonga gonga msuli kwa vidole huku ukiutazama. Kliniki zingine zina mashine ndogo ya umeme inayobandikwa kwenye paja na kulikaza kutoka nje. Kama ipo, uliza, maana siku za mwanzo ndipo inapofaa zaidi.

Kuchezesha nyayo juu na chini hakuhitaji maelezo mengi. Zoezi hilo linasukuma damu kutoka kwenye shavu la mguu ili isigande, na unaweza kulifanya wakati wowote uko macho. Usilisahau safarini. Mgonjwa anayeruhusiwa Kisumu kwenda nyumbani Busia au Kitale ana saa kadhaa za kukaa goti likiwa limekunjwa, kwenye gari linaloruka matuta. Lipeni viti viwili kama mnaweza, anyooshe mguu, na dereva asimame njiani mama ashuke atembee hatua kadhaa.

Paja likishaitika, ndipo unapoinua mguu mzima. Goti la pili limekunjwa, unyayo wake uko kitandani ili kiuno kisiumie. Kaza paja kwanza, kisha inua kisigino kama sentimita 30, shikilia kidogo, shusha taratibu. Angalia jambo moja: wakati kisigino kinaondoka godoroni, je, goti linabaki limenyooka au linalegea na kujikunja kidogo? Likilegea, msuli bado hauwezi hatua za mwisho za kunyoosha, na ukiendelea hivyo unafundisha nyonga, si paja. Rudi kwenye kukaza. Goti linalolegea kitandani linaweza kulegea pia ukiwa umesimama, kwa hiyo magongo au fremu ya kutembelea bado ni lazima, hata kama jirani aliyepasuliwa mwaka jana anasema yeye aliitupa baada ya wiki moja.

Kuna hatua ya katikati inayosaidia hapo. Kunja taulo au blanketi liwe mviringo, liweke chini ya goti, kisha inua kisigino tu mpaka mguu unyooke, shikilia, shusha. Zoezi hili linalenga zile digrii chache za mwisho zenye ukaidi.

Ukimaliza, ondoa taulo hilo. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo upendo wa familia unapoleta madhara. Goti lililovimba hutulia likiwa limekunjwa kidogo, kwa hiyo mgonjwa anaomba mto chini ya goti, na nani atamnyima mama yake mto? Akilala hivyo usiku baada ya usiku, tishu za nyuma ya goti zinakakamaa na mguu haunyooki tena sawasawa. Mguu usionyooka ni gharama ya kila siku: ukisimama tu, paja linafanya kazi muda wote kukushikilia, unachoka, unachechemea, mgongo unaanza kudai. Mto ukae chini ya kisigino, goti likiwa hewani, dakika tano hadi kumi mara kadhaa kwa siku. Linavuta, lakini ndivyo linavyonyooka. Ukiinua mguu kupunguza uvimbe, mito ipangwe chini ya shavu la mguu na kisigino.

Kuhusu kukunja goti, sitasema mengi, kwa sababu hilo halisahauliki. Kila anayekuja kukuona atauliza, “Linakunjika?” Kaa kitandani, zungusha leso chini ya unyayo, vuta kisigino kije kwako polepole, tulia hapo kidogo, rudisha. Wengi hulenga digrii 90 ndani ya wiki mbili hivi, na 110 au zaidi kufikia miezi mitatu. Bila kifaa cha kupimia, kaa kitini unyayo ukiwa bapa sakafuni: muundi ukisimama wima ni kama 90, na unyayo ukirudi nyuma ya hapo umezidi. Goti likikataa kabisa kukunjika kwa wiki nyingi, daktari anaweza kulikunja mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa, kisha kazi ya misuli inaanza upya. Lakini naona kukunja kunapewa heshima kuliko kunakostahili, kwa sababu tu kunapimwa kwa digrii. Paja halipimwi na mtu, na ndilo litakalokupandisha matatu.

Baada ya kidonda kufunga, na nyuzi kutolewa kati ya siku 10 na 14, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuinuka kitini. Kiti kiwe cha mbao, kirefu, chenye mikono, kimeegemea ukuta. Kigoda cha jikoni bado. Sofa inayokumeza bado. Kile kiti chepesi cha plastiki kinachoteleza kwenye sakafu ya simiti nacho bado. Ongeza blanketi lililokunjwa juu ya kiti kama goti halijafika, kisha punguza urefu siku zinavyokwenda. Nyayo zote mbili zirudi nyuma kidogo, pua iende mbele ya vidole, inuka. Kisha keti polepole ukihesabu hadi nne, maana kushuka taratibu kunalifanyisha kazi paja vilevile, na ndiko watu wanakokwepa kwa kujitupa.

Sasa mwite mtu asimame mbele yako aangalie kiuno. Karibu kila mgonjwa, bila kujijua, huinuka kwa mguu mzima na kuuacha ule mpya uendeshwe kama abiria. Ni tabia ya miaka mingi ya maumivu, na goti jipya haliifuti. Mizani mbili za bafuni, kila unyayo juu ya moja, zitakuonyesha wazi, lakini macho ya mjukuu yanatosha: “Dani, umeegemea huku.” Rudisha uzito katikati kisha urudie. Ukishindwa kusawazisha, kiti bado ni kifupi mno.

Mazoezi ya kusimama yanaingia wakati huohuo: kuinuka kwa vidole vya miguu, kukunja goti kisigino kikienda nyuma, kupeleka mguu pembeni, kuchuchumaa kidogo sana huku umeshika meza nzito au grili ya dirisha. Kushika mlango hapana, mlango unakwenda.

Ngazi zina mpangilio wake. Ukipanda, mguu mzima unatangulia, kisha ule uliopasuliwa na magongo vinafuata. Ukishuka, magongo na mguu uliopasuliwa vinatangulia. Mguu wenye nguvu ndio unaobeba mwili juu, na ndio unaouzuia usishuke kwa kishindo. Wakati wa mvua, tazama mipira kwenye ncha za magongo kabla ya kuvuka ua. Ikilika ikawa laini, tope la Kakamega halina huruma.

Na choo? Karatasi nyingi za maelekezo anazopewa mgonjwa zimeandikwa kwa mtu mwenye choo cha kukalia ndani ya nyumba. Kutembea kwenye tambarare kunahitaji goti likunjike digrii 60 na kidogo, ngazi hudai 80 hadi 100, lakini kuchuchumaa juu ya choo cha shimo kunadai zaidi ya 130. Magoti mengi ya chuma hayafiki huko, si mwezi wa kwanza wala mwaka wa pili. Hili si zoezi la kujitahidi mpaka uliweze. Lipangwe kabla ya upasuaji. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu na mikono miwili, kikawekwa juu ya shimo, miguu yake isiyumbe. Usiku, ndoo chini ya kiti cha namna hiyo ndani ya chumba ni salama kuliko kwenda uani na tochi ya simu huku umeshika magongo.

Swali linalobaki ni kipimo. Nimefanya kidogo mno, au nimezidisha? Tumia uvimbe. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa goti katikati ya pia kila asubuhi, mahali palepale, uandike. Ukipungua au ukibaki palepale, endelea, ongeza kidogo. Ukiamka umeongezeka na maumivu hayakutulia usiku, jana ulizidisha: leo punguza nusu, usiache kabisa. Kumbuka yale maji ya chumvi. Anayejikaza kupita kiasi hujaza goti, na goti lililojaa huzima tena paja, kwa hiyo juhudi yenyewe inarudisha udhaifu. Anayelala kutwa naye anafika palepale kwa njia nyingine.

Dawa ya maumivu uliyoandikiwa, imeze nusu saa hivi au dakika 45 kabla ya mazoezi. Kuna wazee wanaoikataa wakisema wanaitunza kwa siku mbaya. Matokeo yake hawafanyi mazoezi, na siku mbaya zinafika. Baada ya mazoezi, barafu. Chupa ya maji iliyogandishwa kwenye friji ya duka, imefungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa juu. Goti litakuwa na joto kidogo na uvimbe wa jioni kwa miezi kadhaa, na ngozi ya upande wa nje wa kovu inaweza kubaki na ganzi. Hayo ni ya kawaida.

Kukandwa kwa maji moto si kawaida. Najua ni mila yetu, na kwa kiuno kilichochoka sina ugomvi nako. Lakini goti lililopasuliwa majuzi halikandwi, halichuliwi, wala halipakwi dawa ya mitishamba juu ya kidonda. Joto huongeza uvimbe. Mikono yenye nguvu kwenye shavu la mguu ni hatari zaidi, kwa sababu kama kuna damu iliyoganda ndani, inaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Shavu la mguu likivimba ghafla, likauma na kuwa gumu, hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje asubuhi. Kidonda kinachotoa majimaji au usaha, homa, wekundu unaosambaa, au goti lililokuwa likiendelea vizuri kisha likageuka kuuma kuliko mwanzo, pia ni safari ya hospitali, si ya duka la dawa. Na kama wiki zinapita na mguu umenyooka bado hauinuki hata kidogo, ingawa uvimbe umeshuka, daktari akague tena, maana mara chache kano ya mbele ya goti au neva huwa na shida ya kweli.

Fiziotherapia inapatikana katika hospitali kubwa za kaunti, pamoja na ile ya rufaa ya Kisumu ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Lakini mtu wa Ugunja au Mbale hawezi kupanda matatu mara tatu kwa wiki akiwa na magongo, na huko kujivuta nako kunavimbisha goti. Habari njema ni kwamba kwa mgonjwa asiye na tatizo lingine, tafiti zimeona mazoezi ya nyumbani yaliyofundishwa vizuri yakitoa matokeo yanayokaribiana sana na ya kuhudhuria kliniki. Neno zito hapo ni kufundishwa. Kabla ya kuruhusiwa, fanya kila zoezi mbele ya fizio, na mwanao arekodi kwa simu yako, mguu wako, sauti ya fizio ikikusahihisha. Afadhali zaidi, jifunze kukaza paja wiki kadhaa kabla ya upasuaji, wakati bado linasikia.

Kuanzia wiki ya sita hivi, daktari akiridhika, ndipo mzigo unapoingia. Kaa kwenye kiti kirefu, funga pakiti ya sukari ya nusu kilo kwenye kifundo cha mguu kwa leso, nyoosha goti, shusha taratibu. Kilo moja baadaye, na unga wa kilo mbili bado kabisa. Kupanda na kushuka kidaraja cha mlangoni mara kumi kwa mguu mpya ukitangulia ni zoezi la hatua hii. Boda subiri: kuipanda kunataka mguu mmoja ubebe mwili wote huku mwingine ukizunguka, na breki za ghafla hazimuulizi mtu amepasuliwa lini. Kupiga magoti kanisani au kusujudu hakuvunji chuma, kovu likishapona, ila panakuwa pageni na pana ganzi, kwa hiyo anzia juu ya godoro. Jembe la mpini mrefu wengi hulirudia baada ya miezi mitatu hadi sita. Palizi ya kuchuchumaa, ile ya sukuma na vitunguu, wapewe wenye magoti ya kuzaliwa.